Kanda za Mama Pokuaa

Hamburg, 3 Machi 1991

Mdogo wangu Birago,

Kama Bwana Sarpong amefika salama na mzigo wangu, najua barua hii umeitupa kando na kamera iko mkononi. Iweke chini kwanza usome, maana humu ndimo nilimoeleza kitufe kipi ni cha nini, na ukibonyeza ovyo utaiua kabla haijaona jua la Kumasi.

Si mpya. Nimeinunua kwa jirani Mturuki aliyeitumia kupigia picha harusi za mabinti zake wote, na wa mwisho ameshaolewa. Sarpong ameapa hataiuza njiani. Akija na hadithi kwamba forodhani waliing'ang'ania, mwangalie machoni umwambie Oteng anakusalimia.

Nataka umpige mama picha za video. Ni mwaka wa nne sijamwona. Kesi yangu ya karatasi bado iko kwa wakili, na nikivuka mpaka kabla haijaisha, mlango unafungwa nyuma yangu na sirudi tena. Basi kwa kuwa mimi siwezi kuja kwa mama, mama aje kwangu. Hapa chumbani tuna televisheni na deki, tumechanga watu sita.

Mimi bado niko kwenye kufua mashuka ya hoteli. Mikono yangu imekuwa safi kuliko ya daktari. Na wewe kushona kunaendaje, yule madam wako bado anawachapa na rula?

Kaka yako,
Oteng


Kumasi, 20 Aprili 1991

Kaka Oteng,

Kamera imefika. Sarpong alijaribu ile hadithi ya forodhani, nikamwangalia machoni, akakumbuka ghafla kwamba iko kwenye begi lingine.

Kanda ya kwanza hii hapa, na naomba usinilaumu mimi. Mama aliposikia anapigwa picha za kwenda Ujerumani alienda kusukwa, akaazima cheni ya Mama Achiaa wa jirani, akavaa kente yake ya harusi, akaketi uani. Nikawasha. Nikamwambia, "Mama, ongea." Akanijibu bila kufungua midomo kwamba nisimharibie picha. Alikaa hivyo hivyo mpaka kanda ikaisha. Watu walipita wakamsalimia, hakumjibu mtu, na sasa Mama Achiaa amenuna, anasema yaani cheni ni yangu na salamu yangu haifai.

Kanda ilipokatika mama akashusha pumzi, akaniuliza, "Umeshapiga?"

Kushona, usiniulize. Nikishika sindano mawazo yanaenda kwenye hiyo kamera. Ukichungulia kwenye kile kitundu, dunia yote inakaa kimya na kinabaki kitu kimoja tu. Sijawahi kukipenda kitu hivi.

Mdogo wako,
Birago


Hamburg, 2 Juni 1991

Bira,

Tulikaa wote sita kitandani, tumekaanga kuku, tunamngojea mama. Akatokea. Akakaa. Tukangoja. Ebo wa Takoradi akaniuliza, "Oteng, hii ni picha au televisheni imekwama?" Halafu nzi akatua puani mwa mama na hakumfukuza. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilicheka nao. Walipokwenda kazini nikairudisha mwanzo nikaitazama peke yangu, na hapo sikucheka.

Sasa nisikilize. Usimwambie unapiga. Weka kamera pale anapofanya kazi, uzungumze naye mambo ya nyumbani. Usiikimbizekimbize kama unafukuza kuku. Tulia mahali pamoja, uache mtu amalize anachofanya, ndipo uhame. Ukipiga mikono, urudi usoni. Mikono yake naijua, ila uso wake nimeanza kuusahau na hilo linanitisha.

Nataka nimsikie akigombana na mtu.

Oteng


Kumasi, 11 Agosti 1991

Kaka,

Hii ndiyo kanda yenyewe. Utamwona akikaanga ndizi, utamwona akitwanga fufu, na ugomvi nimekupatia: muuza mihogo amemwita "bibi" na mama amemjibu mpaka akafunga mzigo wake akahamia mtaa wa pili.

Usipige kelele kwa haya ninayokwambia sasa. Nimeacha kushona. Nilikwenda Bantama kwa Bwana Nyarko, yule anayepiga video za misiba yote mikubwa ya hapa ili nyinyi mlioko ng'ambo muone nani alikuja na nani hakuja. Ana deki mbili zimeunganishwa kwa waya. Unacheza kanda kwenye hii, unachukua unachokitaka kwenye ile, takataka unaziacha. Nilikwenda kuomba anikatie kanda yako. Nikamkuta anatengeneza msiba wa tajiri mmoja, nikamwambia, "Mzee, hapo mjane anapopiga miayo patoe, watoto wake wataona haya." Akanitazama. Akasema, "Vuta kigoda." Tangu hapo nipo. Nafagia, nakunja nyaya, na akitoka ananiachia mashine.

Mjomba Boaten alikuja kutoka Obuasi akaitazama kanda yako kabla sijaituma. Akataka sehemu fulani fulani zitoke, nikazitoa. Mambo ya kawaida tu.

Mama anakusalimia, baba. Anavyosema yeye: baba.

Birago


Obuasi, 9 Februari 1992

Kwa Birago,

Mama Achiaa ameniletea habari kwamba tangu tulipomweka mama yako mochwari Jumamosi umekuwa ukitafuta stempu ya Ujerumani. Nakuandikia ili unielewe vizuri, kwa kuwa siku ile pale hospitali hukuwa mtu wa kuelezwa kitu.

Oteng asiambiwe. Mimi ni kaka wa mama yenu, mimi ndiye niliyebaki, na hili nimelifikiria. Akisikia leo kwamba presha imemwangusha mama yake, kesho atakuwa kwenye ndege. Kesi yake itakufa. Atatua hapa na begi moja na hatarudi tena kule, miaka yote mitano itakuwa bure. Na msiba wa dada yangu sitaufanya bila mwanawe. Watu watauliza yuko wapi, nami sina la kuwajibu.

Kwa hiyo Pokuaa atasubiri pale alipo, kwenye baridi. Si wa kwanza kusubiri mtoto wa ng'ambo. Akina Dufie wa hapa Obuasi walimweka baba yao muda mrefu kuliko huo. Karatasi zikitoka, Oteng ataambiwa, atakuja, atamzika mama yake kwa heshima, na atarudi kazini kwake.

Mpaka siku hiyo, umtumie kanda kama kawaida.

Mjomba wako,
Boaten


Kumasi, 14 Februari 1992

Mjomba,

Shikamoo. Nitumie kanda ya nani? Matandiko yake nimeshayakunja.

Kabatini nina kanda za mwaka jana ambazo sikuzitumia zote. Kuna masalia mengi. Siku mama anachambua maharage, siku mvua ilipovujia jikoni, siku anacheka mpaka anajifuta machozi na khanga. Naweza kuziunganisha. Lakini mjomba, ili niunganishe lazima nimtazame, tena nimtazame mara nyingi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Unajua unaniomba nini?

Nitafanya kwa sababu ni wewe umesema.

Birago


Kumasi, 1 Machi 1992

Kaka Oteng,

Kanda nyingine hiyo. Huku tuko salama. Mama utamwona mwenyewe, ana maharage yake na maneno yake. Usijali kwamba anavaa nguo zilezile, unamjua, akipenda kitu amekipenda.

Kazini mambo yanakwenda vizuri. Nina haraka kidogo leo.

Birago


Hamburg, 29 Machi 1992

Bira,

Umenipiku. Hii si kanda, hii ni mama mwenyewe ameingia chumbani. Pale anapocheka akajifuta na khanga, Ebo alisema, "Huyu dada yako ni fundi, kwa nini unamwachia akunje nyaya?" Nilijisikia fahari mpaka nikamnunulia bia.

Lakini nina neno. Nimechoka. Wakili anasema labda mwaka huu, labda mwakani, na kila akisema hivyo anatazama saa yake. Juzi nilikuwa nataka kumsimulia mtu habari za fufu nikasahau neno letu la mchi. Nikajiuliza, nimekuja huku kupata nini ambacho nimekipoteza hivi.

Nataka kuacha kila kitu nirudi nyumbani. Kesi ife ikitaka. Niko tayari, begi nimeshalishusha kutoka juu ya kabati. Kitu kimoja kimenizuia: mama aliuza duka lake la vitambaa ili mimi nije huku, siwezi kurudi mikono mitupu bila ruhusa yake. Kwa hiyo muulize mbele ya kamera: nije, au nikae? Atakalosema nitafanya. Sitaki maneno yako, sitaki ya mjomba. Nataka nimwone midomo yake.

Oteng


Kumasi, 22 Aprili 1992

Mjomba,

Nakutumia barua ya Oteng uisome mwenyewe.

Anamuuliza mama kama aje. Mjomba, mama ameshajibu. Kila kanda niliyonayo amejibu. Akikaanga ndizi anasema, "Mwambie baba aje, mafuta haya yanayonirukia mikononi ndiyo yananimaliza." Akichambua maharage anasema, "Oteng aje nimwone kabla sijafa." Zile ndizo sehemu ulizoniambia nizitoe mwaka jana, nikazitoa. Nimezipitia kanda zote kutafuta mahali aliposema asije. Hakuna. Hajawahi kusema hilo maishani mwake.

Niruhusu nimwambie ukweli. Mama yetu yuko peke yake kwenye droo ya chuma, na mwanawe anamuuliza swali.

Birago


Obuasi, 28 Aprili 1992

Birago,

Nilikwenda kumsalimia dada yangu wiki iliyopita. Yule mhudumu wa mochwari alinifunulia. Usifikiri mimi nalala.

Lakini akija leo tutakuwa na maiti mmoja na mtoto mmoja aliyekwama, na duka la vitambaa alilouza Pokuaa litakuwa limekwenda bure. Mwambie akae. Wewe ndiye fundi, tafuta namna.

Boaten


Kumasi, 17 Mei 1992

Mjomba,

Nimefanya. Siku ile ya ndizi, mtoto wa Mama Achiaa alitambaa kuelekea kwenye karai la mafuta ya moto. Mama alimkemea: "Kaa hukohuko. Usije hapa." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Nimeweka swali la Oteng kwa sauti yangu, halafu uso wa mama ukiwa kimya, halafu hayo.

Bwana Nyarko aliniona nayo. Yeye alikuwepo siku tunampeleka mama mochwari, alibeba upande mmoja. Akaitazama kanda mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza mama alisema haya lini. Hakuona palipounganishwa. Nilipomweleza akasema kuanzia Jumatatu mashine ya kukatia ni yangu, atatafuta mwingine wa kufagia.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Birago


Kumasi, 17 Mei 1992

Kaka Oteng,

Mama amejibu. Iko kwenye kanda.

Birago


Hamburg, 21 Juni 1992

Birago,

Nimeitazama.

Nilitarajia mojawapo kati ya mawili, njoo au kaa, na nilijiandaa kwa yote. Ila sikujiandaa kwa vile alivyosema. Tangu nimezaliwa mama hajanisemesha hivyo. Hakuniita baba. Hakunitazama. Amesema "usije hapa" kama anafukuza mtu mlangoni. Ebo alikuwa amekaa pembeni yangu, akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nimefanya nini? Ni ile hela ya paa niliyochelewesha? Kuna mtu amempelekea maneno kuhusu mimi? Wewe ulikuwepo, niambie. Alikuwa na hasira?

Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Oteng


Kumasi, 19 Julai 1992

Kaka,

Hakuwa na hasira. Alikuwa jikoni, moto ulikuwa mkali. Usiyafikirie sana maneno hayo, nakuomba. Anakupenda kuliko sisi wote.

Kanda nyingine nitaichelewesha kidogo, misiba ni mingi.

Birago


Hamburg, 18 Oktoba 1992

Birago,

Nakuandikia wewe, nakala nimempelekea mjomba.

Karatasi zimetoka. Ijumaa nimegongewa muhuri. Naweza kwenda na kurudi nitakavyo. Wenzangu walipika, wakacheza, nami nikacheza nao.

Sitakuja. Kabla hamjaanza kuniandikia, jueni nimelifikiria. Nimeitazama ile kanda mara nyingi kuliko inavyostahili, na mwisho nimeielewa. Mama aliuza duka lake ili niende, nikaenda, na moyo wake ukajifunga kwangu. Inatokea. Ebo naye mamake hamuulizii tena. Nimechukua zamu za Krismasi hotelini. Hela nitatuma kama kawaida, kanda usinitumie tena.

Mwambie mama nimekaa hukohuko, kama alivyosema.

Oteng


Obuasi, 2 Novemba 1992

Birago, mwanangu,

Nimepata nakala yangu. Nimemngojea mtoto huyu miezi yote hii ili amzike mama yake, na sasa mlango uko wazi na hataki kuuvuka, na aliyemkataza ni mama yake, na aliyemtia mama yake maneno mdomoni ni mimi.

Nilijaribu kumwandikia. Nimechana karatasi tatu. Mkono hauendi. Mwandikie wewe. Usinifiche, sema ni mimi.

Boaten


Kumasi, 6 Novemba 1992

Kaka yangu Oteng,

Kaa chini. Muite Ebo akae nawe.

Mama alifariki mwezi wa Februari. Presha. Alianguka asubuhi akiwa anafua, akafikishwa hospitali akiwa hai, akafa kabla sijarudi na dripu niliyotumwa kununua. Yuko mochwari tangu siku hiyo, anakusubiri wewe. Mjomba alisema usiambiwe mpaka karatasi zitoke, ili usipoteze kila kitu. Alisema nikwambie ni yeye. Lakini aliyekaa kwenye mashine ni mimi.

Kanda ya Machi ilikuwa masalia. Mama uliyemfurahia alikuwa ameshakufa. Kanda ya swali lako, yale maneno hakukwambia wewe. Alimwambia mtoto wa Mama Achiaa aliyekuwa anakaribia mafuta ya moto. Ndiyo maana hakukutazama. Ndiyo maana hakukuita baba. Mimi ndiye niliyeyachukua nikayaweka pale, na niliyaweka vizuri, mtu yeyote angeamini.

Ndani ya bahasha kuna kanda. Najua umesema nisitume. Hii sikuipamba. Ni vile vipande vyote nilivyotoa tangu mwanzo, vimefuatana tu. Ni mama anasema njoo. Anasema akitwanga, anasema akisuka mkeka, anasema mdomo umejaa ndizi. Mahali pengine anakasirika ananiambia, "Mbona humwambii?"

Nilikuwa naandika "tuko salama" mama akiwa mochwari. Sikuombi chochote. Njoo tumzike.

Birago


SIMU YA MAANDISHI
Kwa Boaten, Obuasi
Hamburg, 27 Novemba 1992

NAKUJA TAREHE KUMI NA MBILI. TENGENEZENI MSIBA. BIRAGO ASIJE UWANJA WA NDEGE. OTENG


Kumasi, 24 Januari 1993

Kaka Oteng,

Umeondoka bila kuniaga. Sikulaumu. Siku zote za msiba ulizungumza na mjomba, ukazungumza na Mama Achiaa, ukamshika mkono hata muuza mihogo alipokuja kulia, na mimi ukanipita kama mlango. Nilitegemea hivyo.

Najua watu walinong'ona kwamba nilipiga video msiba wa mama yangu mwenyewe, badala ya kukaa na wanawake. Bwana Nyarko alitaka kupiga yeye. Nilimkatalia. Nikaweka kamera begani, juu ya nguo zangu nyeusi na nyekundu za msiba, nikazunguka. Nilisema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Uongo. Kupitia kile kitundu mama alikuwa mdogo, alikuwa mbali, niliweza kumvumilia. Nisingeweza kusimama pale macho matupu.

Nimemaliza kuitengeneza kanda ya msiba, ndiyo hii. Nimemwacha mjomba akianguka, kwa kuwa alianguka. Nimewaacha wale wanaopiga miayo. Ila kuna mahali nimekwama.

Ni pale walipokuwa wanafunika jeneza. Ngoma ziko juu, wale wa matarumbeta wamesogea karibu mno. Wewe umesimama peke yako upande wa kichwa, shati limelowa. Ukageuka. Ukanitazama, si kamera, mimi. Mara ya kwanza tangu uje. Na ukasema kitu. Midomo inaonekana, sauti imemezwa na ngoma. Nimerudia pale mpaka kanda imeanza kuchubuka. Siwezi kusoma.

Naweza kukuwekea neno lolote pale, Oteng. Unajua naweza. Naweza kuweka "nimekusamehe" na mjomba akalia na mtaa mzima ukaamini. Naweza kukata pale ukabaki umegeuka tu. Sitafanya kimojawapo. Nimepaacha kama palivyo, ngoma na midomo yako.

Kuna mtu wa Accra anatengeneza filamu za hadithi, zile za kuonyeshwa kumbini. Ameziona kazi zangu kwa watu wa ng'ambo, kumbe wananitaja kwa jina. Anataka nikae kwenye mashine yake. Bwana Nyarko amesema niende, akageukia ukutani kujifanya anatafuta waya. Nitakwenda mwezi ujao. Hii ndiyo kazi ninayoiweza, sina nyingine, na kila nikiishika namkumbuka aliyenifundisha kutulia mahali pamoja.

Kabla sijaondoka nataka kujua. Hata kama ni laana, nitaipokea. Uliniambia nini pale?

Mdogo wako,
Birago


Hamburg, 21 Februari 1993

Birago,

Kanda imefika. Bado sijaifungua.

Nilikwambia uzime hicho kitu uje usimame na mimi. Nilisema mara mbili. Nikanyoosha na mkono.

Ukarudi nyuma ili niingie mzima kwenye picha.

Oteng